Kalibu na Kaliba

Maneno mawili yanayofanana yaliniingiza katika jambo ambalo sikulitafuta. La kwanza ni kalibu, neno la mafundi wa kwetu, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. La pili ni kaliba, upana wa tundu la bunduki na wa risasi ipitayo ndani yake. Wataalamu wengi wa asili ya maneno huona kwamba haya ni ndugu wa tumbo moja: Waarabu walikuwa na neno lao la kalibu, sisi tukalipokea kwa njia ya Bahari ya Hindi, Wazungu wakalipokea kwa njia ya Bahari ya Mediterania na kulipa kazi ya kupimia mizinga. Nalifundisha jambo hili darasani miaka mingi kama pambo la somo. Sikudhani hata siku moja kwamba ningesimama mbele ya meza ya kioo, mke wangu ubavuni pangu, tukiulizwa na muuza silaha twataka kaliba gani.

Kalibu naliijua kabla ya kujua kusoma. Babu yangu mzaa baba, aliyelima katika vilima vya Kilosa, alikuwa na gobore la kufukuzia nyani na nguruwe walioharibu mahindi. Alikuwa pia na kalibu ya chuma yenye mikono miwili kama koleo. Siku ya kusubu, sisi watoto tuliamriwa kukaa mbali na moto. Babu aliyeyusha vipande vya risasi katika kikaango kibovu, kwa maana risasi kwanza ni jina la madini yale mazito ya kijivu, na baadaye ndipo lilipokuwa jina la kitu kiuacho. Akamimina, akangoja, akaifungua kalibu, kikadondoka kigololi king'aacho kama jicho la samaki. Hakuwa na haja ya kuchagua ukubwa. Gobore lilikuwa moja, na kalibu iliyolifaa ilikuwa moja.

Alichochagua ni mahali pa kuviweka. Gobore lilikaa darini mwake, lakini baruti na fataki zilikaa nyumbani kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nyani hawakumngoja avuke, na mara nyingi alirudi na baruti akakuta wamekwisha shiba. Nilipomwuliza kwa nini ajitaabishe hivyo, alinijibu kwamba hasira nayo ina miguu, lakini haipendi kuvuka maji. Nalikuwa mtoto, nikadhani anazungumza juu ya nyani.

Sasa nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Indiana, Marekani, na nyumba tuliyopanga iko nje ya mji, kati ya mashamba ya mahindi ambayo babu angaliyaona akalia kwa wivu. Mwezi wa Novemba, miaka miwili iliyopita, nalikuwa Dar es Salaam kwa utafiti. Usiku mmoja mtu alikizungusha kitasa cha mlango wa mbele. Ulipokataa kufunguka alikwenda akajaribu wa nyuma. Kisha akasimama kwenye ngazi, hakuondoka, hakusema neno. Mke wangu alipiga simu kwa polisi. Walifika baada ya dakika arobaini, wakakuta nyayo katika umande ulioganda juu ya majani, wakaandika, wakaaga.

"Dakika arobaini nilizihesabu moja moja, Bwana," aliniambia niliporudi. "Kwetu huku ilikuwa saa nane ya usiku. Wewe Dar es Salaam ilikuwa saa nne asubuhi, unakunywa chai."

Sikuwa na la kujibu. Mke wangu ni muuguzi katika chumba cha dharura cha hospitali. Si mwanamke wa kutishwa na mlio wa mlango, wala si mtu anayeijua bunduki kwa kuitazama katika sinema. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba anataka rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika ghala ya mviringo izungukayo, na aliitaka ile fupi inayoingia katika mfuko wa joho lake la kulalia, ili aende mlangoni nayo bila ya kuonyesha. Sheria haikutuzuia. Kwetu leseni hutangulia silaha. Katika Indiana, tangu Julai 2022, mtu mzima asiyekatazwa na sheria huweza kuchukua bastola bila ya kibali, na mgeni mwenye ukaazi wa kudumu kama sisi hununua kwa fomu ile ile ajazayo mwenyeji.

Mimi sikuitaka. Lakini kwa kuwa sikuwa na haki ya kusema hapana kwa mtu aliyezihesabu dakika arobaini peke yake, nilifanya kama wafanyavyo wasomi wanaoogopa ugomvi: nilianza kusoma. Kwa majuma mengi mimi na mke wangu tulijadili kaliba, tukajidanganya kwamba hilo ndilo swali.

Nakiri kwamba somo lilinivuta. Rivolva za namna hii, ambazo Wamarekani huziita za pua fupi, zina mtutu usiozidi inchi mbili au hapo karibu. Colt walitoa yao maarufu mwaka 1927, ikawa silaha ya makachero wasiovaa sare. Mwaka 1950 Smith & Wesson walitoa ndogo zaidi, ya risasi tano badala ya sita, wakaionyesha katika mkutano wa wakuu wa polisi, na wakuu wale ndio walioipa jina. Tano kwa sita si tofauti kubwa kwa hesabu, lakini ghala ya tano ni nyembamba, na wembamba ndio uingiao mfukoni. Umbo lile halijabadilika sana tangu siku hizo. Uzito ndio uliobadilika: ya chuma cha pua ina gramu zipatazo 550, ya alumini hupungua hata 420 hivi, na kuna zilizotengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na skandi ambazo hazifiki gramu 350. Mtu asiyejua hudhani nyepesi ni bora.

Kaliba ya kawaida ya rivolva hizi ni 38. Hapa mwalimu wa lugha alipata burudani yake, maana 38 ni jina la uongo. Lingekuwa la kweli, risasi ingekuwa na upana wa sehemu 38 katika 100 za inchi. Ukiipima utakuta sehemu 357 katika 1000. Sababu ni ya kihistoria. Katika rivolva za kale zilizogeuzwa ili zipokee maganda ya shaba, kichwa cha risasi kilikuwa na upana sawa na ganda lake. Mafundi wa baadaye wakakitia kichwa ndani ya ganda, kikawa chembamba, lakini jina halikufuata. Nimeona majina mengi yaliyoachwa nyuma na vitu vyake, lakini silijui jingine linaloamua nani aishi.

Ile 38 tunayoizungumza ilizaliwa kwenye mwaka 1898. Ganda lake ni refu kuliko haja yake, kwa sababu lilikatwa kwa kipimo cha baruti nyeusi, na baruti ya leo huacha humo nafasi tupu kama gunia lililojazwa nusu. Ilikuwa na mkubwa wake, 38 iliyo fupi zaidi, ambayo majeshi ya Marekani yalikwenda nayo Ufilipino. Maofisa walilalamika kwamba wapiganaji wa Kimoro walipigwa risasi hiyo na wakazidi kuja. Kwa malalamiko hayo, mwaka 1904 mkuu mmoja aliyeitwa Thompson na daktari wa jeshi aliyeitwa LaGarde walitumwa wakajaribu kaliba mbalimbali juu ya ng'ombe walio hai katika machinjio ya Chicago, na juu ya maiti za watu, wakatoa hukumu kwamba kaliba iwe 45. Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini. Ubishi wote wa wauza silaha juu ya nguvu ya kumsimamisha mtu una asili katika watu wa visiwa waliokataa kutawaliwa, na kosa lao kubwa katika taarifa zile lilikuwa kutokuanguka upesi.

Baada ya 38 huja 357. Hii, kwa mujibu wa kichwa chake, ni risasi ile ile kwa upana. Ganda lake limerefushwa kiasi cha sehemu ya nane ya inchi kwa makusudi, ili lisiingie katika rivolva ya 38 na kuipasua, kwa maana baruti yake ina shinikizo kubwa mno. Ilitoka mwaka 1935, na rivolva ya kwanza ya namna hiyo alipewa J. Edgar Hoover. Lakini ile ilikuwa silaha pana na nzito. Leo hii kaliba hiyo hiyo hutiwa katika rivolva ya mfukoni isiyofika gramu 350, ambapo mtutu ni mfupi hata baruti haimalizi kuungua ndani; humalizikia nje, kama ndimi za moto mbele ya uso wa mpigaji. Faida yake ni moja isiyokanushika: mwenye rivolva ya 357 aweza kupiga risasi za 38 pia, na mwenye ya 38 hawezi kupiga za 357. Mke wangu aliipenda hoja hiyo. "Ni kama kununua sufuria kubwa," alisema, "hata maji kidogo utachemsha."

Kaliba nyingine nitazipita haraka. Kuna 32 ya nguvu iliyotoka mwaka 1984, na mdogo wake wa 327 aliyefuata kwenye mwaka 2008. Hizi huruhusu risasi sita pale ambapo 38 huruhusu tano, ila dukani hazipatikani kwa urahisi, na silaha isiyo na risasi ni nyundo mbaya. Kuna rivolva za milimita 9, ambazo risasi zake ni rahisi kwa bei lakini kwa kuwa ganda halina ukingo huhitaji kushikwa na kijichuma mfano wa mwezi. Na kuna 22, tangu mwaka 1887, yenye kichwa cha gramu zipatazo 2.6, nyepesi mkononi, na rivolva yake huweza kubeba nane. Aibu yake ni kwamba fataki yake imepakwa katika ukingo wa ganda, si katikati, na mara chache ukingo huo hukataa kulipuka. Mafundi huongeza nguvu ya springi ili nyundo ipige kwa kishindo, na hivyo kifyatulio chake huwa kizito kuliko cha 38. Risasi iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayodai kidole chenye nguvu.

Na kuna risasi zenye tundu puani, ambazo zikigonga nyama hupanuka. Mkutano wa Hague wa mwaka 1899 ulipiga marufuku risasi zinazopanuka vitani. Nyumbani, katika majimbo karibu yote ya Marekani, ni halali, na wauzaji huzisifu kwa hoja yenye mantiki: risasi inayopanuka husimama ndani ya mwili, haipiti ikavuka ukuta kwa jirani. Nilimsomea mke wangu hoja hiyo kwa sauti. Alikuwa akikuna nazi ya kununua kwenye duka la Wahindi. Hakugeuka.

"Nimewaosha wa 22 na nimewaosha wa 45," alisema. "Ukubwa hatuuoni. Twaona mahali ilipopita. Kijana alikuja na tundu dogo kama la sindano, akafa mezani. Mwingine alikuwa na matundu matano, akaomba chakula."

Maneno yake hayapingani na ya wakubwa. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mji wa Miami, makachero wanane wa shirika la upelelezi la Marekani walipambana na majambazi wawili, na makachero wawili wakauawa. Jambazi mmoja alikuwa amepigwa risasi ya kufisha mapema, akaendelea kuua. Baada ya hapo shirika lile liliweka kipimo chake: risasi ifike kati ya inchi 12 na 18 ndani ya jeli inayofanana na nyama. Upana ukawa jambo la pili, na kufika likawa la kwanza. Katika kipimo hicho 38 kutoka mtutu mfupi hujitahidi; ikipanuka vizuri huenda isifike, na ikifika huenda haikupanuka.

Tukaenda kujaribu. Duka lilikuwa na uwanja wake wa shabaha, na mwenye duka, mzee mwenye ndevu nyeupe na mikono ya seremala, alikodisha rivolva kwa saa. Alituambia jambo moja kabla ya kutupa vikinga masikio: kwamba watu humnunulia mama bastola ndogo kwa kuwa yeye ni mdogo, na hilo ni kosa, maana bastola ndogo ni silaha ya fundi. Mtutu mfupi hausamehe mkono unaotetemeka.

Alianza kwa kumpa mke wangu ile nyepesi yenye 357. Alipiga mara moja. Mlio ulinigonga kifuani, moto ukamulika ubao wote, na rivolva ikarudi nyuma ikachana ngozi kati ya kidole gumba na shahada. Aliiweka mezani kwa utaratibu, kama awekavyo sindano iliyotumika, akasema, "Hii apewe adui." Nikapiga mimi. Nilifumba macho, na sijui risasi ilikwenda wapi. Kisha tulipewa 22, iliyonipendeza mimi kwa upole wake, lakini mke wangu alilalamika kwamba kifyatulio kilimchosha. Mwisho alipewa ya chuma, nzito, ya 38, pamoja na risasi butu za kulengea shabaha, ambazo zimekatwa bapa kama vizibo na haziwi na haraka. Alipiga tano. Zote tano ziliingia katika karatasi, mahali pangeweza kufunikwa na kisahani cha kikombe. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Gramu mia mbili za chuma zilizoongezwa zilikuwa zimefanya kazi ambayo baruti haikuweza.

Basi kaliba ikachaguliwa: 38, katika rivolva ya chuma. Fomu ikajazwa, jina la mke wangu likaulizwa kwa njia ya mtambo wa taifa uliofanya kazi tangu mwaka 1998, jibu likarudi upesi kuliko chai kupoa. Alilipa. Mzee aliileta katika kisanduku, akaweka mkono juu ya kifuniko kabla ya kukisogeza, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza hivyo mara nyingi: "Nyumbani mko wangapi? Na wote wazima wa moyo?"

Hapa sina budi kumwambia msomaji jambo ambalo mimi na mke wangu tulilizunguka kwa majuma yote yale, tukitaja inchi na gramu. Tuna mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa na miaka kumi na saba. Katika kipupwe kilichotangulia aliacha kula pamoja nasi, akaacha kandanda, akalala mchana na kukesha usiku, na siku moja mwalimu wake alitupigia simu kuhusu maneno aliyoyaandika katika daftari. Daktari alimtibu, na alipata nafuu, akarudi kucheka. Lakini daktari yule alitushauri kwa maneno machache kwamba nyumbani kusiwe na silaha ya moto, kwa kuwa saa mbaya mara nyingi ni fupi, na silaha ya moto haimpi mtu nafasi ya pili. Mke wangu alijua hayo kabla ya daktari. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto katika Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Yeye huwaona wale wasiofia njiani.

Alijua, na bado alihesabu dakika arobaini. Mtoto yule yule alikuwa amelala chumba cha pili usiku ule, na mlango ulikuwa mmoja kati yake na mgeni. Sioni aibu kusema kwamba sikujua, wala leo sijui, ipi kati ya hofu zile mbili ilikuwa na haki kubwa zaidi.

Mke wangu hakumjibu mzee. Aliutazama mkono wake juu ya kisanduku. Kisha machozi yakamtoka bila ya sauti, mwanamke ambaye sijamwona akilia kazini wala msibani. Mzee hakuuliza tena. Alikisogeza kisanduku upande wake mwenyewe, akafungua daftari, akasema kwamba ana kabati la chuma nyuma, na kwamba watu kadhaa wa mji huo wana vitu vyao humo kwa sababu zao. "Ni mali yako," alisema. "Itakaa hapa mpaka utakapoitaka."

Njiani nilimsimulia juu ya dada yake babu na baruti ya ng'ambo ya mto. Alisikiliza mpaka mwisho. "Na nyani?" akauliza. Nikamwambia nyani walikula mahindi. Akasema, "Ndiyo hivyo," na hatukusema zaidi mpaka nyumbani.

Tumebadili vitasa. Tumefunga taa inayowaka mtu akikaribia ngazi, ambayo huwashwa zaidi na paka wa jirani. Tumepata mbwa, mwoga kuliko sisi, lakini ana sauti nene. Mimi sisafiri tena mwezi wa Novemba. Kijana wetu amekwenda chuo katika mji mwingine na hupiga simu Jumapili. Wakati mwingine mke wangu humwuliza maswali ya kiuguzi kwa hila, naye hujibu kwa subira ya mtu anayejua anaulizwa nini.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi twaenda dukani. Mzee humtolea kisanduku chake, naye huingia uwanjani na risasi tano butu za 38. Mimi hukaa ndani ya gari nikisahihisha insha za wanafunzi, na kuta ni nene hata milio husikika kama mtu apigaye godoro. Hutoka mikono ikinuka baruti, akaketi, akafunga mkanda.

"Ngapi?" humwuliza.

"Tano."

Mwezi uliopita alisema nne.